Barua kwa wazazi: kufunga muhula na matembezi ya Kilima cha Mbomole, Amani

Ndugu wazazi na walezi wa Darasa la Sita,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MATEMBEZI YA AMANI

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunafunga shule Ijumaa, 5 Juni 2026. Ripoti atakabidhiwa mzazi au mlezi mwenyewe, si mtoto, kuanzia saa 3 asubuhi, na tarehe ya kufungua imeandikwa humo. Kazi za likizo ziko kwenye daftari la kila mtoto. Asanteni sana kwa ushirikiano wenu muhula huu wote. Yaliyobaki katika barua hii yanahusu safari ya Jumamosi, 18 Julai, na nimeandika kwa kirefu kwa sababu maandalizi yake yanaanzia nyumbani, ndani ya likizo.

Maji ya bomba tunayotumia hapa Tanga mjini yanatoka Bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hulishwa na Mto Zigi unaoteremka kutoka misitu ya Usambara Mashariki. Huko ndiko iliko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997. Watoto wamechora mzunguko wa maji ubaoni. Sasa waushike kwa mkono. Chini ya miti mikubwa kila mtoto atachota konzi ya majani yaliyooza na kuiminya, asikie unyevu uliofichwa humo hata kama siku kadhaa zimepita bila mvua. Kisha atagusa udongo wa njia iliyokanyagwa: mgumu, na maji ya mvua huupita juu kwa juu yakiondoka na tope. Ardhi ya msituni hunywa maji na kuyaachia kidogo kidogo, ndiyo maana vijito vya Amani havikauki mara mvua zinapokatika.

Wataona pia majani yenye ncha ndefu zilizochongoka, ambazo maji huchuruzikia kwa haraka, na mizizi iliyosimama kama mbao pembeni mwa shina. Wakibahatika, kwenye miamba yenye kivuli wataliona ua dogo la zambarau la Usambara, Saintpaulia, ambalo leo linapandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote. Mjerumani aliyekuwa mtawala wa hapa, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ulaya, na mwaka 1893 likapewa jina lake. Jua kali huliunguza, hivyo miti ya juu yake ikikatwa, nalo limekwisha. Haruhusiwi mtoto kuchuma hata jani moja.

Ratiba ni hii. Basi litaondoka shuleni saa 12 kamili asubuhi. Hadi Muheza ni lami. Kutoka hapo tunashika barabara ya Amani, na kuanzia Sigi, penye lango la hifadhi, inapanda kwa kona nyingi. Kona hizo ndizo zinazotapisha watoto. Asubuhi hiyo mpeni uji mwepesi na mkate mkavu. Vitumbua na maandazi ya mafuta mengi vibaki nyumbani. Anayejulikana kutapika garini atakaa viti vya mbele, nasi tuambiwe mapema.

Tutaanza kupanda kama saa 4. Mbomole si mlima mrefu, kwani Amani yenyewe iko karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari na kilima kinainuka kutoka hapo. Hata hivyo njia ina mizizi na utelezi, na ukungu wa asubuhi huiacha imelowa. Watoto watatembea kwa makundi ya 12. Mwongozaji wa hifadhi atakuwa mbele, mwalimu atafunga mstari nyuma, na mtoto mwenye mwendo wa polepole atakuwa wa pili, nyuma ya mwongozaji. Akiachwa mkiani, kila anapowafikia wenzake huwa wamekwisha pumzika na wanaondoka, naye hapumziki kabisa. Tutasimama dakika tano kila baada ya nusu saa, na kila kituo watoto wote wanywe maji, hata asiye na kiu.

Kuteremka ndiko kunakoangusha watoto. Miguu imechoka, furaha imezidi, mmoja anaanza kukimbia na wote wanamfuata. Tutawafundisha kukunja magoti kidogo, kupiga hatua fupi, kuweka unyayo upande kwenye mteremko mkali na kuacha nafasi ya hatua mbili kati yao. Wasishike kila mti wanaouona, kwani mingine ina miiba. Kabla ya kuteremka kamba za viatu zitakazwa upya kwenye kifundo, la sivyo vidole hugonga mbele ya kiatu. Kucha zikatwe Ijumaa jioni.

Viatu vinahitaji maneno zaidi. Tunataka raba zenye soli ya meno, zilizokwisha valiwa. Raba mpya ya siku hiyo hukwangua kisigino, na kabla ya kufika juu mtoto ana malengelenge. Kama mmenunua mpya, likizo hii avae kwa nusu saa kila siku, aende sokoni au dukani nazo kwa miguu. Atakuwa amefanya na mazoezi. Kandambili na yeboyebo hazitapanda basi. Suruali iwe ndefu na ichomekwe ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu na kupe. Pembezoni mwa msitu huwa kuna upupu. Atakayeguswa asijikune, maana kukuna huzamisha vinyweleo kwenye ngozi. Walimu watavitoa kwa kubandika na kubandua plasta.

Amani ni baridi mwezi wa Julai, tofauti kabisa na Tanga. Kila mtoto abebe sweta, koti la mvua na shati kavu la kubadilisha. Mwavuli usije, unashika mkono mmoja na kuhatarisha macho ya wenzake. Maji yawe lita moja na nusu, kwenye chupa inayofunga vizuri. Chakula kiwe chapati, viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, karanga au ndizi mbivu. Najua watoto wetu wanapenda wali wa nazi, lakini ukifungwa ungali moto saa 11 alfajiri, saa 8 mchana umechacha. Vyote viwekwe kwenye begi la mgongoni ili mikono miwili ibaki huru. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019. Tumieni ya kitambaa.

Chakula cha mchana tutakula Sigi, kando ya mto. Hapo hakuna mtoto atakayeingia majini, hata kunawa miguu. Mawe yana ukoga, na mvua ikinyesha milimani mto hupanda huku Sigi jua linawaka. Maji yakigeuka rangi ya udongo, au majani na vijiti vikianza kuelea kwa wingi, tutaondoka ukingoni mara moja. Tunatarajia kurudi shuleni saa 12 jioni.

Afya: mtoto mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, ibaki kwenye begi lake mwenyewe. Mwenye sikoseli, baridi na upungufu wa maji vinaweza kumletea maumivu makali. Mzazi wake anione kabla ya kufunga shule, tupange abaki Amani chini na mwalimu, kwenye njia fupi ya tambarare. Naomba sana msifiche ugonjwa kwa kuogopa mtoto ataachwa. Hataachwa.

Mchango ni shilingi 22,000, kwa ajili ya basi, kiingilio na mwongozaji. Aliyebanwa aje ofisini tuongee. Hilo nalo halimwachi mtoto nyuma. Tunahitaji pia wazazi wanne wa kufuatana nasi, wenye uwezo wa kupanda kilima.

Jazeni kipande cha chini: jina la mtoto, namba mbili za simu zinazopatikana, ugonjwa au mzio alionao, na sahihi. Kirudishwe kabla ya Ijumaa, 10 Julai. Bila sahihi ya mzazi hatuwezi kumchukua mtoto.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu