Mwanangu, Usisubiri Nigune

Mwanangu mpenzi,

Leo mkono unashika kalamu vizuri na akili imetulia, nikaona niandike kabla hali haijageuka. Kuuguziwa nyumbani tuliamua pamoja, wewe na mimi, na sijajuta hata siku moja. Lakini najua usiku ukikukuta peke yako na mgonjwa, yote uliyoelekezwa na muuguzi mchana yanapotea kichwani. Ndiyo maana nataka uwe na karatasi hii, uisome siku ambayo sitaweza tena kukwambia hapa panauma, pale hapaumi.

Hata ukisahau mengine yote, hili usilisahau: usisubiri nigune ndipo unipe dawa ya maumivu.

Kosa hilo nililifanya mimi kwa bibi yako. Wewe ulikuwa mdogo. Tulipewa chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, nikaifungia kabatini. Niliogopa hata jina lake. Nilikuwa nimesikia kwamba inaua, kwamba ni ulevi, kwamba mtu akishaianza haiachi. Nikajiambia nitaitunza mpaka azidiwe kabisa. Bibi yako hakuwa mtu wa kulalamika, alikuwa anauma pindo la shuka. Nilizifua zile shuka, nikaona alama za meno, na bado nikaendelea kumuuliza, "Mama, unaweza kuvumilia kidogo?" Naye akawa ananijibu kwamba anaweza. Siku ya nne muuguzi alikuja, akaomba aione chupa. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa imejaa hadi shingoni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Anasubiri nini?" Nikakosa jibu. Tulianza siku hiyo hiyo, na baada ya siku mbili bibi yako akaomba achanwe nywele. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila kumruhusu mtu amguse kichwa.

Siku zile nne bado ninazo moyoni. Sitaki na wewe uwe na zako.

Muuguzi yule ndiye aliyenieleza habari za Cicely Saunders, mwanamke wa Uingereza aliyeanza kama muuguzi, baadaye akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wanaokaribia mwisho, ya St Christopher's jijini London. Zamani ilikuwa kawaida mgonjwa apewe dawa baada ya kulia. Saunders alishikilia kwamba itolewe kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Na ukifikiri utaona ni jambo lililo wazi. Mofini ya maji huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, na nguvu yake hudumu kama saa nne. Ukichelewa, maumivu yanakuwa yameshapanda, na kuyashusha ni kazi kubwa kuliko kuyazuia.

Kwa hiyo fuata saa, usifuate sura yangu. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Ile ya saa 4 usiku muuguzi ameagiza iwe mara mbili ya kawaida ili tusiamshane saa 8 usiku, basi ukiona kiasi kimezidi usidhani umekosea. Mchana ukinikuta nasinzia, niamshe taratibu unipe. Maumivu yakichomoza katikati, ipo dozi ya ziada aliyoiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Nipe, andika saa, na dozi ya ratiba inayofuata usiiruke. Ukiona dozi za ziada zimefika tatu kwa siku, mpigie simu, maana kipimo tulichonacho hakitoshi tena. Kukipandisha ni kazi yake. Usikisie, hata nikikusihi.

Kupima nako kuna namna yake. Vuta dawa kwa lile bomba lisilo na sindano, ligonge kwa kucha mapovu yapande, kisha sukuma mpaka ukingo wa mpira ulio karibu na mdomo wa bomba ulale sawasawa kwenye mstari. Lishike usawa wa jicho lako. Ukilitazama kutoka juu, mstari unakudanganya. Siku nitakayoanza kushindwa kumeza, ninyanyue kichwa kwa mito, pitisha ncha ya bomba kati ya shavu na ufizi, sukuma kidogo, ngoja, sukuma tena. Ikishindikana kabisa muuguzi ataibadilisha iwe ya kuchomwa chini ya ngozi, kwa hiyo mwambie mapema, usingoje dozi mbili zimwagike kwenye mto wa kulalia. Na tukija kupewa vidonge vinavyotoa dawa polepole kwa saa 12, hivyo havisagwi wala havitafunwi. Ukivisaga, dawa ya nusu siku inaingia mwilini kwa mkupuo mmoja, na hiyo ni hatari ya kweli.

Utajuaje naumia nikiwa siongei? Nitazame kati ya nyusi. Bibi yako alikuwa na mkunjo mmoja pale, kama mtu anayesoma maandishi madogo, na dawa ikishika mkunjo ule ulikuwa unajifungua wenyewe. Angalia taya, angalia kama mkono umekamata shuka, angalia kama nashtuka ukinigeuza. Ukijua kunigeuza au kuniosha kutaniumiza, muulize muuguzi kama unaweza kunipa dozi ya ziada nusu saa kabla. Yule wa bibi yako ndivyo alivyotuelekeza, na ilimsaidia sana.

Watu wanaogopa ulevi, na hapo wanaogopa kisicho. Ni kweli mwili utaizoea mofini, ndiyo maana haikatwi ghafla. Lakini mgonjwa anayeinywa kwa sababu ya maumivu si sawa na mtu anayeitafuta alewe. Kinachonisumbua mimi ni choo. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo kwa kawaida hupungua baada ya siku chache, ila choo kugoma kwa kawaida hakupungui maadamu dawa inaendelea. Kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ni ya kila siku, hata siku nikienda vizuri. Siku tatu zikipita bila choo, piga simu. Usinionee haya kuniuliza, mwanangu. Mimi nilikubadilisha nepi.

Jambo moja la kuchukua tahadhari. Ukiona nimezama usingizini ghafla, siamki hata ukinitikisa, na pumzi zimekuwa chache mno, hasa baada ya dozi kupandishwa, usinipe inayofuata kabla hujaongea na muuguzi.

Pumzi ikinibana, niketishe niinamie mito, fungua dirisha, washa feni ndogo inipulizie usoni, puani na mdomoni. Ni jambo dogo, lakini lina msaada wa kweli. Kisha kaa karibu yangu na uongee polepole, maana hofu na pumzi hushikana mikono, moja ikipanda na nyingine inapanda. Mofini kidogo nayo hutuliza pumzi, na muuguzi ameshaandika kiasi chake.

Nikianza kutapatapa, navua shuka, najaribu kushuka kitandani, usikimbilie dawa ya kutuliza. Kwanza shika tumbo chini ya kitovu, uone kama kibofu kimejaa. Kumbuka choo cha mwisho kilikuwa lini. Tazama kama nimelalia mkono vibaya au nguo imelowa. Bibi yako alihangaika usiku mzima, sisi tukaona ndiyo roho inatoka. Kumbe mkojo ulikuwa umeziba. Muuguzi alipoingiza mpira wa kutoa mkojo, bibi yako alilala kama mtoto. Ukikagua yote hayo na bado situlii, hapo mpigie simu akwambie kama ni wakati wa dawa ile iliyoko kwenye bahasha.

Kaka yako atakuja, na ataumia akiona sili. Mwambie kwa upole kwamba mwili unaofunga safari hauhitaji chakula kama zamani, na kunilazimisha ni kunipalia. Sitakuwa nakufa kwa njaa. Nitakuwa sina njaa kwa sababu nakufa. Kama anataka kunihudumia, mpe kitambaa laini kilicholoweshwa maji anipanguse mdomo na ulimi, anipake mafuta midomoni, kila baada ya saa moja au mbili. Kinywa kikavu kinatesa kuliko tumbo tupu. Mpe pia zamu ya kunigeuza. Asipopewa kazi atasimama mlangoni analia, namjua.

Mwishoni huenda koo likatoa sauti ya kukoroma, kama maji yanayochemka mbali. Ni mate tu, yamekusanyika kwa kuwa sina nguvu ya kuyameza. Nigeuze ubavu, nyanyua kichwa kidogo. Sauti hiyo itakutesa wewe zaidi kuliko mimi, kwani wakati huo kwa kawaida mgonjwa haisikii tena kama usumbufu. Pumzi zitakuja haraka, zitasimama, zitarudi. Mikono na miguu itapoa na kubadilika rangi. Usinirundikie mablanketi. Endelea kuniambia unachofanya kabla ya kunigusa, kwa sababu huenda bado nasikia.

Sasa hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Dawa hii inatolewa kila baada ya saa nne, kwa hiyo kifo kitanikuta kati ya dozi na dozi. Mojawapo itakuwa ya mwisho, na mkono utakaonipa hiyo huenda ukawa wako. Utakaa baadaye ujiulize kama ndiyo iliyoniua. Haitakuwa hiyo, mwanangu. Nitakufa kwa ugonjwa ambao daktari aliutaja mbele yetu wote, na dozi uliyopima kama ulivyoelekezwa itakuwa imeniondolea maumivu tu. Nakuandikia kwa mkono wangu ili siku hiyo mtu asije akakwambia vingine, hata wewe mwenyewe. Dawa itakayobaki usiiweke nyumbani wala usimgawie jirani anayeumwa mgongo. Funga chupa, mrudishie muuguzi, mhesabu pamoja, aandike.

Kalamu imeanza kuteleza na mgongo unaniita. Inakaribia saa 12 jioni. Nasikia unafungua kabati, na sasa unaligonga bomba kwa kucha.

Baba yako