Risala ya Wanafunzi wa Darasa la Kijapani kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kusoma Senryu

Ndugu Mgeni Rasmi,
Walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Konnichiwa, na shikamooni.

Sisi wanafunzi wa darasa la jioni la Kijapani tunakushukuru kwa kufika. Tulipokutumia shairi moja la mfano, uliuliza beti nyingine ziko wapi. Ndugu Mgeni Rasmi, lile ndilo shairi zima.

Senryu ni shairi fupi la Kijapani lenye mizani 17: tano, saba, tano. Kwa umbo ni ndugu wa haiku, shairi jingine fupi la Kijapani, ila haiku ya jadi hudai neno la majira ya mwaka, wakati senryu humtazama binadamu na vituko vyake. Jina limetokana na Karai Senryu, kiongozi wa mtaa huko Asakusa, katika jiji la Edo ambalo leo ni Tokyo. Kuanzia 1757 alikuwa mwamuzi wa mchezo ambapo hutolewa kipande cha mizani 14, na watu, kwa ada ndogo, huleta cha 17 cha kukikamilisha. Mwaka 1765 vile vilivyochekesha vikatolewa kitabuni, vikawa vinasimama vyenyewe. Watunzi wengi hawajulikani. Jina lililobaki ni la refa.

Kuhesabu hakukututisha sana. Mswahili anajua kwamba “mtoto” ni mizani tatu, maana ile m inasimama peke yake. Wajapani hufanya hivyo kwa n: shinbun, yaani gazeti, ni shi-n-bu-n, nne. Kilichotutoa jasho ni irabu ndefu. Obasan ni mama wa makamo. Ukiivuta a, obaasan, umeshamzeesha. Mwenzetu mmoja aliivuta mbele ya mgeni wa darasa, na chai siku hiyo iliisha mapema.

Mwingine alikusudia kukisifia kichanga cha mwalimu. Kawaii ni “anapendeza”, kowai ni “anatisha”. Badala ya kuomba radhi mara ya tatu, akaandika:

Kawaii to
itta tsumori ga
kowai desu

Yaani: nilidhani nimesema “anapendeza”, kumbe “anatisha”. Hesabu kwa vidole: ile i ya kawaii ni mbili, na t ya kwanza ya itta ina mzani wake. Mwalimu aliibandika ukutani, na tangu hapo kila anayekosea huambiwa, “Lete senryu.” Hii ni ya msichana anayekaa dawati la nyuma:

Nihongo de
yume wo mita kedo
jimaku nashi

Ameota ndoto kwa Kijapani, lakini haikuwa na tafsiri chini.

Ndugu Mgeni Rasmi, shida hazikosekani. Darasa lina kamusi moja ya Kijapani na Kiswahili, na kurasa za ka hadi ko zimechomoka. Kawaii na kowai zote zilikuwa humo, kwa hiyo lawama si zetu peke yetu. Tunaomba kamusi tano, hata zilizotumika. Ombi la pili halina gharama: leo uwe refa wetu. Kwa desturi ya Edo, jina litakalokumbukwa ni lako.

Tunaomba kuwasilisha.
Arigatō gozaimasu.