Malalamiko kuhusu tozo ya kuvunja mkataba wa intaneti kabla ya muda wake

Ngamiani Kati,
Tanga.
19 Mei 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA ANKARA YA SHILINGI 750,000 INAYODAIWA KWA KUSITISHA MKATABA WA INTANETI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmiliki wa duka la steshenari lililopo Ngamiani Kati hapa Tanga, na nimekuwa mteja wenu wa intaneti ya ofisi kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi ulioanza Machi 2024 na uliokusudiwa kudumu miezi 24. Mwezi huu nimepokea ankara inayonidai shilingi 750,000 kama tozo ya kuvunja mkataba kabla ya muda, kwa sababu niliwapa notisi ya maandishi kwamba huduma ikome mwisho wa Aprili 2025. Ankara zote za miezi 14 niliyotumia huduma zimelipwa, na stakabadhi zake nimeziambatanisha. Sina ugomvi na kanuni kwamba mkataba wa muda maalumu una gharama yake ukikatishwa njiani. Ninachopinga ni kuambiwa kwamba aliyeukatisha ni mimi, na zaidi ya hapo ninapinga hesabu iliyotumika kufikia kiasi hicho.

Naomba nianze na kilichotokea Februari, maana ankara yenu inazungumza kana kwamba mteja aliamka siku moja akachoka na mkataba. Jedwali la huduma lililobandikwa nyuma ya mkataba wetu linasema kwamba kwa shilingi 75,000 kwa mwezi nitapata gigabaiti 400 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, na kwamba nikizimaliza kabla ya mwisho wa mwezi nitaendelea kutumia bila kukatiwa kwa kasi ya megabiti 3. Hicho ndicho mlichokitangaza kuwa intaneti isiyo na kikomo, na mimi, nilipoliona jedwali, niliridhika nalo na kusaini. Februari ukaja ujumbe mfupi wa kunipongeza kwamba huduma yangu imeboreshwa. Maboresho yenyewe, nilipoyafuatilia katika ofisi yenu ya hapa mjini, yalikuwa kwamba kasi kamili sasa inaishia gigabaiti 150, na baada ya hapo inashuka hadi kilobiti 512 kwa sekunde. Bei ilibaki ileile.

Huenda kwa aliyekaa makao makuu tofauti hiyo ikaonekana ndogo, kwa hiyo naomba niifafanue kwa kazi ya duka langu. Wateja wangu wengi ni vijana wanaokuja kutuma maombi ya mkopo wa elimu ya juu, wazazi wanaofuatilia namba ya NIDA, na wafanyabiashara wadogo wanaowasilisha ritani TRA. Kazi hizi zina tarehe za mwisho, na karibu zote zinahitaji kupakia nyaraka zilizoskaniwa. Kasi ya intaneti hupimwa kwa biti na ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Hivyo nyaraka za megabaiti 5 ni sawa na megabiti 40. Kwa kasi ya megabiti 10 zinahitaji sekunde nne. Kwa kilobiti 512 zinahitaji karibu sekunde 80, hapo ikiwa kompyuta moja tu ndiyo inayotumia laini na mtandao hauyumbi. Dukani kwangu kuna kompyuta nne. Zikifanya kazi kwa pamoja, ukurasa wa maombi unakwisha muda wake kabla faili halijafika, mwombaji anarudishwa mwanzo, na foleni inafika barazani. Hiyo si intaneti iliyopungua makali kidogo, bali ni huduma isiyoweza kufanya kazi niliyoinunulia, na gigabaiti 150 kwa kompyuta nne, pamoja na masasisho ya programu ambayo hayaombi ruhusa ya mtu, haziwezi kufika tarehe ishirini.

Mkataba hubadilishwa kwa makubaliano ya pande mbili. Upande mmoja unapopunguza ujazo kwa zaidi ya nusu na kasi ya akiba kutoka megabiti 3 hadi nusu megabiti, kisha ukaendelea kupokea fedha ileile, upande wa pili una haki ya kusema kwamba kilichobaki si kile walichokubaliana. Niliwaandikia kuomba nirudishiwe jedwali la awali, nikajibiwa kwa simu kwamba mabadiliko ni ya wateja wote na kwamba kifungu cha 18 kinairuhusu kampuni kuboresha huduma wakati wowote. Nimekisoma kifungu hicho. Kinazungumzia kuboresha. Hakuna mahali kinaporuhusu kupunguza, wala hakisemi kwamba mteja akipunguziwa atabaki amefungwa kwa miezi iliyosalia. Kwa msingi huo ninaona kwamba notisi yangu ya Aprili ilikuwa ya kuondoka katika mpango mpya ambao sikuukubali, na hainipasi kulipia tozo ya kuuvunja ule wa zamani.

Hata hivyo, tuchukulie kwa ajili ya mjadala kwamba mna haki ya kutoza kitu. Bado hesabu haisimami. Afisa wenu alinieleza kwamba shilingi 750,000 ni miezi 10 iliyobaki mara shilingi 75,000, yaani nilipe huduma yote ambayo sitaitumia kana kwamba nimeitumia. Kifungu cha 12 cha mkataba kinasema tu kwamba mteja atakayesitisha mapema atalipa tozo kwa mujibu wa viwango vya kampuni vitakavyokuwepo. Viwango hivyo havikuambatanishwa siku ya kusaini, havikuwa ukutani katika ofisi yenu, na nilipoviomba mwezi huu niliambiwa ni nyaraka za ndani. Sijui ni vipi mtu anaweza kuhesabiwa kuwa amekubali kiasi kilichoandikwa katika karatasi ambayo haruhusiwi kuiona. Matangazo yenu ya redio humalizia kwa mbio kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa. Sisi wateja tungevizingatia kwa furaha kama vingewekwa mezani.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, imelishughulikia jambo hili kwa uwazi. Kifungu cha 74 kinaeleza kwamba mkataba unapovunjwa na ndani yake kumetajwa kiasi cha kulipwa, anayelalamika anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake ni kwamba hata kiasi kilichotajwa waziwazi ni dari tu, na fidia yenyewe sharti iwe na uwiano na hali halisi. Sembuse kiasi ambacho hakikutajwa. Kifungu cha 73 nacho, kinachohusu fidia ya hasara kwa ujumla, kinataka izingatiwe pia njia ambazo aliyepata hasara alikuwa nazo za kuipunguza. Mwenye nyumba ambaye mpangaji wake amehama hawezi kudai kodi ya miezi kumi huku chumba kimeshapata mpangaji mwingine. Nafasi niliyokuwa nikiitumia katika mtandao wenu hapa Ngamiani imebaki kwenu, na mnaiuza kwa wengine; mmeacha pia kugharamia huduma yangu. Hasara yenu basi haiwezi kuwa bei kamili ya huduma ambayo hamtaitoa.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo ningependa mhasibu wenu alitazame kwa makini. Ada ya shilingi 75,000 inajumuisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 unaotozwa kwenye huduma za mawasiliano, na juu yake VAT ya asilimia 18, ambazo kwa pamoja ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa kila mwezi. Mkizidisha ada hiyo kwa miezi 10 mnanidai pia zaidi ya shilingi 200,000 za kodi. Naomba nielezwe kodi hiyo ni ya huduma ipi, iliyotolewa lini, na kama mtaiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato au itabaki kwenu.

Kitu pekee ambacho mlinipa kwa matarajio ya kurudisha gharama yake ndani ya miezi 24 ni ruta, yaani kifaa cha kusambaza intaneti. Kiambatisho cha pili cha mkataba kinaitaja kuwa na thamani ya shilingi 240,000 na kwamba mteja hatailipia endapo atakaa hadi mwisho. Hiyo ninaielewa, na ndiyo sababu ya kweli ya kampuni za simu kufunga wateja kwa muda: kifaa hutolewa kwanza, gharama yake hurudishwa kidogokidogo ndani ya ada ya mwezi. Shilingi 240,000 zikigawanywa kwa miezi 24 ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Nimelipa miezi 14. Kilichobaki ni shilingi 100,000, na kila mwezi ambao ningeendelea kulipa kingepungua.

Namna hii ya kuhesabu sikuibuni mimi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mwaka 2018 kuhusu mawasiliano ya kielektroniki yanaweka miezi 24 kuwa kikomo cha muda wa kumfunga mlaji, yanampa haki ya kuondoka bila gharama pale kampuni inapobadili masharti kwa namna inayomuumiza, na kwa kifaa anachobaki nacho hawezi kudaiwa zaidi ya thamani iliyosalia kwa uwiano wa muda au ada iliyobaki ya huduma, ile iliyo ndogo. Marekani, kampuni ya Verizon ilipopandisha tozo yake ya simu za kisasa hadi dola 350 mwaka 2009 ilihojiwa na msimamizi wa sekta na kulaumiwa kwamba imezidi, lakini hata tozo ile ilipungua kwa dola 10 kila mwezi ambao mteja alikaa. Ninajua kwamba sheria za huko hazitufungi hapa Tanga. Ninachoonyesha ni kwamba uzoefu wa sekta yenu wenyewe unatambua kuwa mteja aliyelipa miezi 14 hawezi kuwekwa kapu moja na aliyeondoka wiki ya pili, ilhali hesabu yenu haina punguzo lolote zaidi ya kuhesabu miezi.

Kuhusu namba ya simu iliyosajiliwa pamoja na mkataba huu, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao cha duka na kwenye risiti zangu zote, niliomba kuihamishia mtandao mwingine kwa utaratibu wa kuhama bila kubadili namba uliopo nchini tangu Machi 2017. Ombi lilikataliwa kwa maelezo kwamba nina deni. Deni halali hulipwa, na sijawahi kulala na ankara yenu. Lakini kiasi kinachobishaniwa na ambacho hamjakithibitisha hakiwezi kugeuzwa kufuli la kumzuia mfanyabiashara asihame na namba inayojulikana na wateja wake. Vilevile ujumbe mlionitumia wiki iliyopita, wa kwamba jina langu litapelekwa katika taasisi ya taarifa za mikopo, ninauchukulia kwa uzito. Mtu wa biashara ndogo huishi kwa mkopo wa benki wakati wa kufungua shule, na taarifa isiyo sahihi ikishaingia humo kuitoa ni kazi.

Kutokana na maelezo hayo, ninaomba ankara ya shilingi 750,000 ifutwe kwa maandishi. Kwa upande wa ruta, niko tayari kufanya mojawapo ya mambo mawili, mkachague ninyi: niirudishe katika ofisi yenu ya Tanga ikiwa nzima pamoja na chaja yake na kupewa hati ya makabidhiano, au nilipe shilingi 100,000 na ibaki kuwa mali yangu. Ninaomba pia namba yangu ifunguliwe ili niweze kuihamisha, na nipate barua inayothibitisha kwamba hakuna taarifa yoyote inayonihusu iliyopelekwa au itakayopelekwa katika taasisi ya taarifa za mikopo kutokana na ankara hii. Aidha, iwapo bado mna msimamo kwamba mna haki ya kutoza zaidi ya hapo, basi nipewe nakala ya viwango vinavyotajwa na kifungu cha 12, tarehe vilipoanza kutumika, na mchanganuo wa hasara ambayo kampuni imepata kwa kuondoka kwangu.

Ninawaletea barua hii kwanza ninyi kwa kuwa utaratibu wa malalamiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania unaanzia kwa mtoa huduma. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 21 tangu mlipoipokea, nitaliwasilisha shauri hili kwa Mamlaka pamoja na viambatisho vyote. Jibu kwa njia ya simu sitalihesabu, kwa sababu mazungumzo ya simu ndiyo yaliyotufikisha hapa bila karatasi hata moja ya upande wenu.

Wenu mteja,

Mmiliki, duka la steshenari,
Ngamiani Kati, Tanga.

Viambatisho: mkataba na jedwali la huduma la Machi 2024, stakabadhi za miezi 14, picha ya ujumbe wa Februari 2025, notisi ya kusitisha huduma, ankara inayopingwa.

Nakala: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano.