Januari ya Ahmedabad

Ahmedabad, Gujarat
Jumapili, 18 Januari 2026

Shoga yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya alfajiri inatubana. Umeniuliza hawa Wahindu wanafunga lini hasa, maana kila tukizungumza nakwambia leo sikukuu, kesho mfungo, keshokutwa ofisi zimefungwa. Nikajisemea swali hili halijibiwi kwa simu.

Wao hawana mwezi mmoja wa kufunga kama sisi. Mifungo yao imetapakaa mwaka mzima, na inayorudi mara kwa mara ni Ekadashi, yaani siku ya 11 tangu mwezi kuandama, na tena siku ya 11 baada ya mwezi mpevu. Mwaka wao wa mwezi una siku 354 hivi, sawa na wetu, lakini hawauachi uzunguke. Ramadhani yetu husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka. Wao kila miaka miwili na nusu au mitatu huongeza mwezi mzima, sikukuu zikabaki kwenye majira yake. Mwaka huu wanaongeza: mwezi wa Jyeshtha utakuwa miwili, na ule wa ziada ni kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni.

Katikati ya hesabu hizo za mwezi kuna sikukuu moja ya jua. Wengi India wanaiita Makar Sankranti, hapa Gujarat ni Uttarayan: siku jua linapoingia kwenye nyota ya Mbuzi na kuhesabiwa kuwa limeanza safari ya kaskazini. Huwa 14 Januari, mara nyingine 15. Utasema mbona jua hugeuka tangu 21 au 22 Desemba? Ni kweli. Kalenda yao inafuata nyota zenyewe, na nyota na majira huachana polepole, siku moja hivi kila miaka 70. Zamani sana tarehe hizo mbili zilikuwa pamoja.

Sasa mwaka huu jua na mwezi vilikutana. Tarehe 14 ilikuwa Uttarayan na papo hapo Ekadashi! Ba, mama mwenye nyumba wetu (hapa mama mtu mzima anaitwa Ba), hali nafaka wala jamii ya kunde siku ya Ekadashi. Na chakula cha Uttarayan ni undhiyu, mchanganyiko wa viazi vikuu, biringanya, maharage mabichi na vidonge vya unga, unaoliwa na jalebi. Alitupikia sisi sufuria nzima, akatupakulia kwa mkono wake, yeye asionje hata chumvi. Fungu lake akalila tarehe 15, maana hapa sikukuu ni siku mbili na wenye maduka wengi hata hawafungui.

Yeye alikula nini? Hapo ndipo nilipokukumbuka na shamba lenu la Nachingwea. Alikula sabudana, punje nyeupe za wanga wa muhogo, zimekaangwa na viazi na karanga za kupondwa, kwa chumvi ya mawe. Baadaye akala chikki, ndugu wa kashata zetu, ya ufuta na sukari guru. Muhogo, karanga, ufuta! Ekadashi hii ya Januari inaitwa Shattila, na ufuta wake una kazi sita: kuoga kwa maji yenye ufuta, kujipaka, kuutia kwenye moto wa ibada, kuwatolea wazee waliotangulia pamoja na maji, kula, na kutoa sadaka. Asubuhi ile Ba aliumimina kwenye sahani ya shaba, akaupepeta kwa vidole, akitoa kila kijiwe. India hununua ufuta wa Tanzania, shoga. Mwambie baba yako kwamba jasho lake huenda linafika mahali kama hapa.

Nje sasa, vishada. Mji mzima uko juu ya mapaa tangu alfajiri, na kila uzi wa mtu ukikatwa wanapiga kelele "Kaipo che!" mpaka masikio yazibe. Uzi wenyewe hupakwa unga wa vioo, na hilo linaniuma. Ndege wanakatwa mabawa, na wenye pikipiki huvaa skafu shingoni wasichanjwe koo. Serikali ya jimbo huwa na kampeni ya kuwatibu ndege hao kila Januari, na uzi wa nailoni umepigwa marufuku nchini tangu 2017, lakini bado unauzwa kwa kificho. Mimi naona hata wa pamba wenye vioo ungeachwa. Furaha isingepungua.

Kwingine siku hizohizo zina majina mengine. Wapunjabi huwasha moto wa Lohri usiku wa tarehe 13, na Watamil wana Pongal, siku nne, maziwa yakiachwa yafurike chunguni makusudi. Leo ni Mauni Amavasya, siku ya kukaa kimya, na huko Prayagraj watu wanaoga pale mito ya Ganga na Yamuna inapokutana. Ijumaa ni Vasant Panchami, ya Saraswati, mungu wa elimu, watu wanavaa njano. Jumatatu ya tarehe 26 ni ya nchi nzima, siku ya Jamhuri: katiba yao ilianza kutumika 1950. Tarehe 30 wanamkumbuka Gandhi, aliyeuawa siku hiyo 1948, na hapa mjini, alipoishi kando ya mto Sabarmati, inawagusa kwa namna ya pekee.

Nijibu basi. Mmeshapanda ufuta, au mnangoja mvua itulie? Na ukipata mtu anayekuja huku, nitumie kilo mbili za mavuno yaliyopita, uliopepetwa vizuri. Nataka kumpa Ba kabla ya Ekadashi ya tarehe 29; nikichelewa, zitafuata nyingine.

Wasalimie mama na watoto wote.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Ahmedabad