Barua ya wazi kwa mawakili vijana wenye ofisi ndogo Dar es Salaam

Wanangu,

Kila nikipita mahakama ya Kisutu nasikia kilio chenu. Wawekezaji wameahirisha mikataba, kampuni zilizokuwa zikiwalipa kila mwezi zimesitisha, na mwenye jengo kule Posta anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Sidharau maumivu hayo. Ila nawasihi msikae kungojea mikataba mikubwa irudi. Uchumi ukiyumba, kazi ya sheria huhamia kwa watu waliobanwa, na wengi wao hawajawahi kukanyaga ofisi ya wakili.

Anzeni na waajiri. Mwenye kiwanda Barabara ya Pugu akielemewa, humwambia mhasibu aandae barua za kupunguza watu, zigawiwe Ijumaa jioni. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hakimruhusu. Lazima atoe taarifa mapema, aeleze sababu na vigezo vya kuchagua wa kuondoka, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe. Akiruka hatua hizo ataburuzwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na fidia inaweza kuzidi mishahara aliyotaka kuokoa. Mfuateni mteja wenu wa zamani kabla barua hazijachapwa. Mwandalieni utaratibu, kaeni naye kwenye vikao. Mara nyingine vikao hivyo huzaa makubaliano ya kupunguza saa za kazi, na watu wakabaki na ajira zao. Kazi hiyo ina ada halali na ina heshima.

Aliyekwisha kuachishwa naye anahitaji wakili, tena upesi: ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake Tume. Bila shaka ofisi moja haiwezi kusimama pande zote mbili.

Kisha yuko mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeweka rehani nyumba yake ya Tabata. Huyu atakuja na mfuko wa karatasi zake: mkataba wa mkopo ambao hajausoma, risiti zilizofutika wino, na notisi ya benki iliyokunjwa mara nne. Someni kila karatasi mbele yake. Angalieni tarehe aliyoipokea notisi, maana Sheria ya Ardhi inampa siku 60 tangu aipokee kabla benki haijauza. Ulizeni kama mwenzi wake aliridhia rehani. Halafu, kabla ya kukimbilia mahakamani, andikieni benki pendekezo la kupanga upya marejesho, likiwa na hesabu za mauzo yake halisi. Wakati mgumu benki nayo haipendi mnada, kwa sababu wanunuzi ni wachache na bei ni ya kutupa.

Nasema wazi: kumfungulia mdaiwa shauri lisilo na mguu ili tu apate amri ya kuzuia mnada, riba ikizidi kupanda na ninyi mkivuna ada, ni dhuluma. Acheni kazi hiyo kwa vishoka, mawakili bandia.

Kodi nayo msiisahau. Pingamizi la makadirio ya kodi kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) lina siku 30, na wengi hupoteza haki yao kwa kuchelewa, au kwa kutojua kwamba kuna sehemu ya kodi ya kulipa kwanza. Na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama zetu, hivyo andikeni mikataba ambayo mwenye duka ataielewa mwenyewe.

Ada ipangeni kwa hatua, iandikwe, na mteja apewe risiti. Fedha za wateja zikae kwenye akaunti ya peke yake, mbali na fedha za ofisi, msiziguse hata kodi ya ofisi ikichelewa miezi mitatu. Mkibanwa sana, ondokeni Posta, watatu wenu mchukue vyumba viwili Sinza au Magomeni, mgawane karani na printa.

Anayetaka kuona jinsi taarifa ya kifungu cha 38 inavyoandikwa, anipitie Upanga. Jioni nipo, na mafaili yangu ya zamani nimeyatunza.

Mzee wenu,
wakili mstaafu