Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Jambo Moja Liulizwe Mara Moja

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha wamiliki wa vituo vya televisheni kwa mwaka 2024. Masuala ya fedha mweka hazina atayaeleza mwenyewe. Hesabu zimekaguliwa na nakala mmeshapewa. Mafunzo ya mafundi wa studio yalifanyika kama tulivyopanga. Ada za baadhi yetu bado zinachelewa, na katibu atawafuata wahusika mmoja mmoja. Hayo nayapitia haraka kwa sababu sehemu kubwa ya mwaka, mimi na kamati ya sheria tulikuwa na shughuli moja ambayo kila mkurugenzi wa kituo niliyekutana naye alianza kuizungumza kabla sijamuuliza: wingi wa taarifa tunazotakiwa kupeleka kwenye ofisi za umma.

Msimamo wa chama ni huu. Hatuombi kusimamiwa kidogo. Masafa ni mali ya umma, na anayepewa leseni ya kuingia sebuleni kwa watu kila jioni lazima atoe hesabu ya anachokifanya humo. Tunachoomba ni kwamba jambo moja liulizwe mara moja, na ofisi inayoliuliza iwe na kazi nalo.

Tuanze na kalenda ya mhasibu wa kituo. Tarehe 7 ya kila mwezi ni kodi ya mishahara, kodi ya zuio na Tozo ya Maendeleo ya Ujuzi, ile SDL tuliyoizoea. Tarehe 20 ni ritani ya VAT. Kila mwezi kuna pia michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kila mwaka kuna ritani ya BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, leseni ya biashara ya halmashauri, ukaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na wa Zimamoto. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, kuna pia usajili kwenye Tume yake, kwa kuwa vituo vyetu hupokea namba za simu za watazamaji wanaopiga kura au kutuma salamu. Hayo yote ni ya mwajiri au mfanyabiashara yeyote, na hatudai upendeleo. Juu yake ndipo unakuja mzigo wa utangazaji wenyewe: ratiba za vipindi, orodha za muziki uliopigwa, kumbukumbu za matangazo ya biashara, malalamiko ya watazamaji, hali ya mitambo, umiliki wa hisa, mapato na hesabu zilizokaguliwa. Katika kituo kikubwa cha Dar es Salaam, kazi hii ina mtu wake na meza yake. Kituo cha mkoani chenye leseni ya wilaya hakina mtu huyo. Ratiba, orodha ya muziki na mawasiliano na ofisi za serikali huwa mikononi mwa mtayarishaji yule yule ambaye saa mbili kasorobo usiku anatakiwa awe anahariri habari.

Kamati ya sheria iliwaomba mlete nakala ya kila fomu mliyoijaza kwa mwaka, nanyi mkaitikia. Tulizitandaza kwenye meza ya mkutano, tukachukua kalamu ya rangi na kupigia mstari kila swali lililokwisha kuulizwa kwenye fomu nyingine. Kurasa zilijaa rangi. Jina la kampuni, namba ya usajili, namba ya mlipakodi (TIN), anuani, majina ya wakurugenzi na mgawanyo wa hisa vimo karibu kila fomu. Tofauti ni mtindo tu: ofisi moja inataka hisa kwa idadi, nyingine kwa asilimia, nyingine inataka nakala ya cheti cha usajili yenye mhuri wa wakili, na mhuri huo unalipiwa kila safari. Mwanahisa akibadilika mara moja, kituo kinaandika barua kwa ofisi zote hizo, kila moja kwa lugha yake.

Fomu moja naomba niizungumzie kipekee, na ofisi yake siitaji kwa kuwa mazungumzo yanaendelea. Ina ukurasa mzima unaouliza urefu wa mnara, nguvu ya mtambo kwa wati na mwelekeo wa antena. Wakati wa analojia maswali hayo yalikuwa ya lazima, maana kila kituo kilirusha chenyewe. Lakini analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, miji mingine ikafuata. Leo kituo kinatengeneza maudhui na kuyakabidhi kwa kampuni yenye leseni ya mitambo ya kurushia matangazo ya dijitali. Mnara ni wa kampuni hiyo, wati ni zake, na taarifa za mnara huo inazitoa yenyewe. Mhandisi wa kituo mwanachama alijaza "haihusu" kwenye ukurasa ule, fomu ikarudishwa kwa kuwa haijakamilika. Ikabidi ampigie simu mwenye mnara, aombe vipimo, avinakili na kuituma tena. Ofisi hiyo sasa ina vipimo vya mnara mmoja mara nyingi kadiri ya vituo vinavyopita humo, na namba zikipishana kidogo haitajua ipi ni sahihi. Ndiyo maana nasema kupunguza taarifa si kumpunguzia mdhibiti macho. Taarifa zilizorudiwa zinamfichia zile anazozihitaji.

Suala la ratiba za vipindi lilitusumbua zaidi mwaka huu kuliko miaka mingine. Januari na Februari tulikuwa na AFCON kule Ivory Coast, na Taifa Stars ilikuwamo. Februari 10 akafariki Mheshimiwa Edward Lowassa, yakatangazwa maombolezo ya siku tano. Februari 29 akafariki Rais mstaafu Mzee Ali Hassan Mwinyi, yakatangazwa maombolezo ya siku saba. Kila kituo kilibadilisha vipindi, kikaondoa burudani na kuweka mubashara za msiba, kama heshima na desturi zetu zinavyotaka. Hakuna aliyelaumiwa kwa hilo. Lakini ratiba tulizokwisha kuziwasilisha zilibaki karatasi tu, na baadhi yenu mkatakiwa kuandika maelezo ya kila kipindi kilichohama, siku kwa siku, kuhusu tukio ambalo nchi nzima ililiona. Pendekezo letu hapa ni jepesi: panapotangazwa maombolezo ya kitaifa au dharura, mabadiliko ya ratiba yahesabike yameshatolewa taarifa, na kituo kibaki na wajibu wa kutunza rekodi ya kilichorushwa. Rekodi ndiyo ushahidi. Uingereza, kwa mfano, kituo cha televisheni kinatakiwa kutunza rekodi za matangazo yake kwa muda uliowekwa kwenye leseni yake na kuzitoa zinapohitajika. Mlalamikaji akijitokeza, picha ipo.

Kisha ikaja Mei. Tarehe 12 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima kwa siku kadhaa. Wanachama wawili walikuwa na taarifa za kupakia kwenye mfumo wa ofisi moja wiki hiyo. Ukurasa unafunguka nusu, faili linakwama, siku ya mwisho inapita, mfumo unahesabu umechelewa. Barua za kujieleza ziliandikwa na hatimaye zikakubaliwa, na tunashukuru. Lakini isiwe hisani. Kanuni yenyewe iseme kwamba mtandao wa nchi ukianguka, siku za mwisho zinasogea.

Sasa niwaeleze pale nilipotofautiana na baadhi yenu, maana mna haki ya kusikia. Kwenye kikao cha Septemba ilipendekezwa tuombe orodha za muziki uliopigwa zifutwe kabisa. Nilikataa na bado nakataa. Orodha hiyo ndiyo njia kuu ya kujua wimbo wa nani umetumika na mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi hiyo, iende kwa nani. Januari 2022 COSOTA, ofisi ya hakimiliki, iligawa mirabaha kwa wasanii ambao nyimbo zao zilipigwa redioni, na mgawo wa namna hiyo hauwezi kuwa wa haki bila kumbukumbu za vituo. Sisi tunaoishi kwa kazi za wasanii hatuwezi kuwa wa kwanza kuomba kalamu iwekwe chini. Tuombe njia rahisi: programu ya kurushia matangazo tayari inaandika kila wimbo na dakika zake, basi faili hilo lipokelewe lilivyo, pasiwe na haja ya mtu kulinakili upya kwenye jedwali lingine. Vivyo hivyo daftari la malalamiko ya watazamaji, na kumbukumbu za matangazo ya kisiasa wakati wa uchaguzi. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa Novemba 27 ulitukumbusha jinsi swali la nani alipewa muda gani linavyokuja ghafla, na kituo chenye kumbukumbu safi hulijibu kwa dakika chache. Taarifa hizo tuzitetee, kwa sababu zina msomaji.

Tuliangalia pia wenzetu wamefanyaje. Marekani, tume yao ya mawasiliano, FCC, ilianza mwaka 2017 kupitia kanuni zake za vyombo vya habari moja baada ya nyingine, ikiuliza ipi bado ina kazi. Mwaka 2018 vituo viliondolewa sharti la kupeleka nakala za karatasi za mikataba, na vilevile sharti la kubandika leseni ukutani. Julai 2019 taarifa ya vipindi vya watoto, iliyokuwa ikitolewa kila robo mwaka, ikawa ya mara moja kwa mwaka. Wajibu wa kurusha vipindi vya watoto ulibaki palepale. Na wakati huohuo orodha ya vipindi vinavyogusa matatizo ya jamii ya eneo la kituo iliendelea kutolewa kila robo mwaka, kwa kuwa inamsaidia mwananchi kupima kama kituo kinamhudumia. Tena tangu 2012 vituo vya televisheni huko huweka faili lao la umma mtandaoni, mahali pamoja, yeyote akitaka anasoma bila kubisha hodi kituoni. Kilichonivutia ni kwamba walipunguza kwa kuchagua, swali kwa swali.

Uholanzi walitufundisha kupima. Mwaka 2003 serikali yao ilijiwekea lengo la kupunguza kwa robo gharama ambazo biashara zinaingia kwa ajili ya taarifa za kiserikali, na ili kujua robo ni kiasi gani walikokotoa: saa zinazotumika kwenye taarifa moja, mara mshahara wa anayeijaza, mara idadi ya kuitoa kwa mwaka, mara idadi ya biashara zinazotakiwa kuitoa. Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mhasibu yeyote wetu. Nitairudia hapo chini kwa sababu inawahusu.

Hapa kwetu msingi upo, na hili ndilo linalonipa matumaini. TCRA yenyewe, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inayosimamia utangazaji, ilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha Tume ya Utangazaji na Tume ya Mawasiliano, kwa hiyo nchi hii inajua kuunganisha ofisi mbili zikawa mlango mmoja. MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, uliidhinishwa 2018 na utekelezaji ukaanza Julai 2019, na lengo lake mojawapo ni kuondoa majukumu yanayogongana kati ya mamlaka za udhibiti. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo imejenga GovESB, mfumo unaoiwezesha mifumo ya taasisi za umma kubadilishana taarifa. Ukisajili kampuni BRELA leo unaingiza namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, na taarifa zako zinavutwa. Basi jina la mwanahisa lililopo BRELA kwa nini liombwe tena na mamlaka nyingine kwa karatasi yenye mhuri? Kwa wenzetu wa Zanzibar, ambako utangazaji una Tume yake, swali hili lina uzito mara mbili kwa kituo kinachotaka kufika pande zote.

Kwa msingi huo tumeandaa maombi yetu kwa maandishi. Taarifa za umiliki na usajili zivutwe BRELA, na kituo kitamke tu kwa ukurasa mmoja kama kuna mabadiliko au hakuna. Ofisi moja imekwisha kukubali tamko hilo kwa majaribio. Nitaitaja jina siku barua yake itakapofika. Maswali ya mnara yaulizwe kwa mwenye mnara. Vituo vya ngazi ya wilaya na vya kijamii vipewe fomu fupi. Na kila fomu mpya inapopendekezwa, ieleze nani ataisoma na ataitumia kwa uamuzi gani, kabla haijaletwa kwetu.

Upande wetu kuna kazi pia. Zipo taarifa ambazo vituo vyetu vilizileta zikiwa na hesabu zisizolingana au kumbukumbu zenye mapengo, na kila inapotokea hivyo mdhibiti hupata sababu ya kuongeza swali jingine mwaka unaofuata.

Kuanzia mwezi ujao kila kituo kitapokea kwa katibu jedwali la ukurasa mmoja. Anayejaza fomu yoyote ya serikali aandike humo jina la fomu, saa alizotumia na idadi ya mara kwa mwaka. Lisijazwe na mkurugenzi kwa kukisia. Lijazwe na mhasibu, mhandisi na mtayarishaji wenyewe, siku ileile ya kazi. Majedwali ya robo ya kwanza yarudi kwa katibu kabla ya Aprili 15, ili kamati ya sheria iwe na hesabu kamili mkononi kwenye kikao cha Mei.