Yaya Nabintu, nimetuma 250, nyingine inakuja

Yaya Nabintu, jambo sana,

Mesaji yako niliipata siku ya kwanza asubui niko mu basi ya kazi, nikaisoma mara mbili kiisha nikafunga simu, juu kama ningejibu palepale ningejibu vibaya. Makuta nimetuma jana, ni 250 si 400 zenye uliomba, utayaona ku simu ya Zawadi sababu ya kwako inasumbuaka. Hizo 150 zitafuata mwisho wa mwezi. Minerval ya mutoto, makuta ya masomo, njo ianze, mabati ya jiko ingojee kidogo, jiko lile linavuja tangu tuko wadogo na halijaangukia mutu.

Sasa tufike ku ile ingine. Nimesikia vile baba mudogo alisema ku matanga, mbele ya batu bote, eti miye nimekuwa mulevi wa Bulaya, eti makuta ya familia inaishia mu chupa. Na ushahidi wake ni ile foto yangu mu grupe, niko nyuma ya chupa 56. Yaya, zile chupa sikuzinunua zikiwa na pombe ndani! Ni chupa tupu nilipewa na jirani na watu wa kazini, nikaziosha moja moja, na bia yenye iko ndani niliifanya miye, kwa mikono yangu, mu jiko yangu. Malti ya lita 20 haifiki bei ya usiku moja mu bar, yeye mwenyewe anajua bar ni bei gani. Kama ningekuwa mulevi ningengoja wiki tano ili ninywe?

Acha nikuelezee inafanywa aje, utamusomea Mama, na baba mudogo akipita hapo asikie pia. Malti ni shayiri, wanailowesha mpaka inaota kidogo, kiisha wanaikausha (nafikiri Koko, muzee wetu wa familia, na mtama wake wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ni vilevile, lakini hapo niko na swali, nitaliandika chini). Unachukua kilo 5 na nusu imevunjwavunjwa, unatia mu maji ya moto, unatafuta digri 67 na unafunika na blanketi saa nzima. Ikipita sana, unaua ile kitu yenye kugeuza unga kuwa sukari, na bia imekufa hapohapo. Miye nakaa pale na temometa kama mama mwenye mutoto wa homa. Nyumba yote inanuka buyi ya asubui. Nyuma unachuja, unatokotesha saa moja na hubloni, yale maua ya kijani yenye kuleta uchungu na kufanya bia isiharibike mbio, unapoza mpaka digri 20, unatia levire (chachu), unafunga mu bidoni yenye kadirisha ka kupumulia. Kesho yake inaanza kuongea, blop, blop, usiku wote. Siku za kwanza nilikuwa naamka kwenda kuiangalia tu.

Bia yangu ya pili iliniaibisha. Mbele ya kufunga chupa unatiaka sukari, gramu 6 ao 7 kwa lita, njo inaleta gazi. Simu ikalia katikati, nikasahau kama nilishatia, nikatia tena. Kiisha wiki mbili kupita, saa tisa ya usiku, chupa zikaanza kupasuka mu kabati, moja kiisha ingine. Jirani wa chini alipanda kugonga mulango, akanikuta nimelala chini ya meza, sikukumbuka hata nimefika pale aje. Unajua juu ya nini. Tuache hiyo.

Lakini ya sita! Yaya, ile ya sita. Kuko kikundi cha watu wa hapa Liège, mu Ubelgiji, wanafanya bia nyumbani, tunakutanaka mu sale ya paruwasi, na mara moja kwa mwaka kila mutu analeta yake, wanaimwaga mu glasi zenye namba tu, hakuna jina, hakuna mweusi hakuna mweupe. Tulikuwa 23. Nilitoka wa pili. Wa kwanza ni muzee mwenye anafanya hii kazi tangu miaka 30, ile hata siiti kushindwa. Mwalimu mumoja wa pensheni alionja yangu mara tatu akaniuliza, umetia ndizi gani humu ndani? Nikamujibu hakuna hata moja. Ni levire, kuko levire za bia ya ngano zenyewe zinatoaka harufu ya ndizi bivu, kitu kinaitwa isoamili asetati, ni ileile iko mu ndizi. Niliichagua juu yenu. Ndizi haimo, lakini ukifungua chupa uko kwetu Walungu, uko mu uwanja wa Koko, na wale kuku wake wabaya.

Mwaka jana nilienda Anderlecht, ku Cantillon, wanafanya bia pale tangu 1900. Chini ya paa kuko sinia ya shaba, pana kama chumba chetu cha kulala cha zamani. Wanamwaga mule bia mbichi ingali moto, inapoa usiku muzima, na hewa yenyewe njo inaleta levire. Hawatii kitu. Wanafanya tu miezi ya baridi, juu wakati wa joto hewa inaleta vidudu vibaya, kiisha inalala mu mapipa ya mbao mwaka moja, miwili, mpaka mitatu. Watalii walikuwa wanapiga foto kama wako kanisani. Miye nikacheka peke yangu. Koko alinunuaka levire lini? Na mukumbuke vile alitukataza kugusisha sabuni ule muvure wake wa kufanyia pombe. Mambo ya bia ya hawa Babelgiji UNESCO iliyaandika mu urithi wa utamaduni usioshikika wa watu wote 2016, na kasiksi yetu baba mudogo anaiita pombe ya kijijini. Ile pombe ya kijijini njo ilimulipia diplome yake, mumukumbushe.

Sasa ile yenye ilinichoma zaidi ni kusikia eti anataka kung'oa migomba ya Koko apande mikaratusi. Eti ndizi zile hazipikiki, hazina faida. Ngoja nikuambie kitu. Mwezi wa tatu nilinunua ndizi za Ecuador kilo 10 mu magazeni, nikazingoja ziive mpaka zikawa nyeusi, majani ya kukamulia nilikosa, nikachukua nyasi kavu wanauzaka za sungura (hapa sungura analishwa kama mutoto wa mukubwa). Nikakamua, nikakamua, mikono ikauma. Buyi tupu, hata tone ya maji haikutoka. Nyuma nikasoma juu ya nini: ndizi za pombe ziko na ule ukakasi wenye kufunga ulimi, tanini, njo inashika ule uzito na kuacha maji yatoke safi. Tamu hizi hazina. Kumbe kile kinafanya ndizi za Koko zisipikike njo kile kinafanya zitoe kasiksi. Akizing'oa, hata nirudi na mashini za Bulaya yote, hatutakunywa tena.

Na kama anasema ni juu ya ule ugonjwa wa kukausha migomba, Cikuru avunje ule ua wa mwisho wa mukungu kwa muti wenye panda, asikate na panga, na panga ikigusa mugomba mugonjwa ipitishwe mu moto mbele ya kugusa mwingine. Haiombi makuta. Nitatuma 20 ya Cikuru juu ya kazi hiyo, ya kwake, usiichanganye na minerval.

Kazi iko, baridi iko, miye niko muzima. Usimuambie Mama juu ya ile meza.

Mugeni wetu anatoka huko mwezi ujao, anaweza kubeba kilo mbili za unga wa mtama wa Koko, ufunge vizuri mu sashe mbili. Na siku Koko ameamka vizuri, wewe kaa naye, fungua simu ishike sauti, umuulize pole pole: ule mtama anauotesha kiisha anaukaanga, ao anaukaanga tu mukavu? Nilijaribu zote mbili na hakuna yenye ilitoka kama yake. Acha simu iendelee kushika hata akianza kuongea mambo mengine.

Mudogo wako wa Liège